Kiti cha Baisikeli Kimfuate Mpandaji

Katika vijiji vyetu limezoeleka neno moja ambalo sisi twaliona kuwa ni neno baya, nalo ni hili: "Baisikeli ndivyo ilivyo, lazima iume." Mtu akirudi safari ya kilomita 15 huku akitembea kama aliyechapwa bakora, watu humcheka na kumwambia, "Kaza roho, utazoea." Mama akishuka na magoti yakimwuma, huambiwa ya kuwa chombo kile si cha wanawake. Kijana akisema ameingiwa na ganzi, huitwa legelege. Lakini hapana hata mmoja ainamaye akakitazama kiti.

Sisi twalikataa neno hilo tangu mwanzo wake hata mwisho wake. Baisikeli haikufanywa ili kuumiza watu. Ikiwa baisikeli ni nzima, nayo yamwumiza mwenyewe kila siku, mara nyingi sababu ni moja: kiti chake kimeachwa pale pale kilipofungwa dukani, na mpandaji amelazimishwa kukifuata kiti, badala ya kiti kumfuata mpandaji.

Tunajua wako watakaotujibu kwa methali, "Mchagua jembe si mkulima." Methali hiyo ni ya kweli, ila hapa imewekwa mahali pasipo pake. Yamkemea mvivu atafutaye udhuru wa kutolima. Haikusema kwamba mpini usikatwe kwa kimo cha mkulima. Nani kati yetu ampelekaye mtoto wa miaka kumi shambani na jembe la baba yake? Mkulima hulishika jembe na kulijaribu. Mpini ukiwa mrefu huupunguza, ukilegea huutia kabari. Fundi wa cherehani hapitishi mkasi katika kitambaa kabla hajampima mwenye nguo. Hata mwenye punda hutazama matandiko yasimchubue mnyama wake mgongoni. Ikiwa punda apewa heshima hiyo, sembuse mwanadamu aendaye kazini kwa miguu yake miwili?

Tena, wenye kusema kwamba maumivu ni desturi ya baisikeli hawajui habari za chombo chenyewe. Zamani huko Uingereza, kabla ya baisikeli za namna yetu, watu walipanda baisikeli yenye gurudumu kubwa mbele na gurudumu dogo nyuma. Pedali zilifungwa katika gurudumu lile kubwa lenyewe, na mpandaji alikaa juu yake. Kwa hiyo ukubwa wa gurudumu ulifuata urefu wa mguu wa mwenyewe: mrefu alinunua gurudumu kubwa, mfupi alinunua dogo, na hawakuweza kuazimana. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa mji wa Coventry alitoa baisikeli yake iliyoitwa Rover, yenye magurudumu mawili yaliyokaribia kulingana na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Starley mwenyewe alieleza baadaye kwamba shabaha yake moja ilikuwa kukiweka kiti mahali pafaapo kwa pedali, na kukitengeneza ili kiweze kusogezwa kwa mapenzi ya mpandaji. Sikieni jambo hilo! Kiti cha kupanda na kushuka si pambo lililoongezwa kwa bahati. Lilikuwa moja ya makusudi ya chombo tangu siku za kwanza. Sisi tuliopewa chombo hicho tumeiacha nati ile ikaingia kutu, kisha twalalamika kwamba mzungu alituletea mateso.

Basi tuutazame mwili wa mtu aliyekaa. Chini ya makalio iko mifupa miwili, mmoja kulia na mmoja kushoto. Ukikaa juu ya ubao na kuweka mikono yako chini yako, utaisikia. Mifupa hiyo ndiyo iliyowekwa kuchukua uzito wa mtu aliyekaa. Katikati yake ni mahali pa nyama laini, na hapo hupita mishipa ya fahamu na mishipa ya damu iendayo sehemu za siri. Kiti kilichotengenezwa vema huchukua uzito juu ya ile mifupa miwili. Kiti kilichotengenezwa vibaya huusukuma uzito katikati, mishipa ikabanwa, na ganzi ikaingia. Ganzi si uvivu wala si ulegevu, bali ni mwili upigao mbiu, na mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mwaka 2008 ilitolewa habari ya uchunguzi wa Marekani juu ya askari polisi 90 wafanyao doria kwa baisikeli. Kwa miezi 6 walitumia viti visivyo na ile pua ya mbele, na ganzi yao ikapungua sana. Hatusemi wanakijiji wakatafute viti vya namna hiyo. Twasema hivi: askari ni wale wale, baisikeli ni zile zile, kilichobadilika ni kiti. Basi asilaumiwe mtu kwa kosa la kiti chake.

Kiti kikiwa chini mno, goti hukunjika sana kila mzunguko, na nguvu yote hulemea pia ya goti. Ndipo mtu husikia maumivu mbele ya goti, na mapaja huchoka kabla ya nusu ya safari. Kiti kikiwa juu mno, mguu huitafuta pedali kwa ncha za vidole, nyonga hucheza huku na huku, ngozi huchubuka, na maumivu huja nyuma ya goti. Pua ya kiti ikielekea juu, hubana pale pa nyama laini. Ikielekea chini, mtu huteleza mbele, akajizuia kwa mikono, na jioni vifundo vya mikono na mabega humwuma, wala hajui kwamba ugonjwa wa mikono umetoka katika kiti. Mambo haya yote huponywa kwa spana moja na robo saa ya kazi.

Njia yenyewe ni nyepesi, nasi twaiandika hapa ili mtu asipate udhuru.

Kwanza, shughulikia kimo. Egemeza baisikeli ukutani, au mwenzako aishike imara. Panda, ukae sawasawa bila kuinamia upande mmoja, ukiwa umevaa viatu vyako vya safari. Zungusha pedali kinyumenyume hata moja ifike chini kabisa, kisha weka kisigino juu yake. Mguu na unyooke kabisa, nyonga isiinuke. Kama goti limekunjika, kiti ki chini. Kama kisigino hakifiki, kiti ki juu. Legeza nati ya fremu ishikayo bomba la kiti, inua au shusha, kaza tena, ujaribu. Ukipata, basi uendeshapo utakanyaga kwa sehemu pana ya unyayo iliyo nyuma ya vidole, na goti litabaki na mkunjo mdogo tu, kiasi cha digrii 25 hata 35. Huo ndio mkunjo ufaao.

Mwenye kupenda hesabu aweza kupima kwa namna nyingine. Na asimame bila viatu, mgongo ukutani, akaze kitabu katikati ya miguu hata juu kabisa kama akaliavyo kiti, kisha mwenzake atie alama ukutani penye ukingo wa juu wa kitabu na kupima toka alama hata sakafuni. Mwaka 1967 wataalamu wawili wa Uingereza, Hamley na Thomas, walionyesha kwamba mtu hupata nguvu vizuri pale ambapo toka pedali iliyo chini hata juu ya kiti ni sehemu 109 kwa kila 100 za kipimo hicho. Mwenye sentimita 80 atapata 87 na kitu. Mwenye 70 atapata 76 na kitu. Hesabu hii ni ya kuanzia tu, si sheria: nyonga zikicheza, shusha kidogo.

Pili, mlalo wa kiti. Chini ya kiti, penye springi, iko bolti yenye nati huku na huku. Ilegeze, ulaze kiti kiwe sawa kama meza. Mwashi ataweka pimamaji juu yake. Asiye na pimamaji aweke ubao ulionyooka akiutazama kwa mbali. Baadaye ukiona haja, badilisha kidogo sana, kisha ukaze nati zote mbili kwa nguvu, maana kiti kinachopinduka njiani humwangusha mtu.

Tatu, mbele na nyuma. Bolti ile ile huruhusu kiti kusogea. Weka pedali mbili katika usawa mmoja, moja mbele na moja nyuma, ukiwa umekaa na unyayo mahali pake. Mwenzako afunge kijiwe katika uzi, kama timazi ya mwashi, aushike uzi chini kidogo ya pia ya goti la mguu wa mbele. Kijiwe na kining'inie karibu na katikati ya pedali. Kikianguka mbele mno, sogeza kiti nyuma. Kikianguka nyuma mno, kisogeze mbele. Ukimaliza, rudia kujaribu kimo, kwa kuwa kusogeza kiti hubadili na kimo.

Nne, usibadili mambo mengi siku moja. Badili kwa upana wa nusu kidole, nenda sokoni urudi, uusikilize mwili wako, kisha badili tena. Haraka haraka haina baraka, hata katika nati.

Sasa tuwajibu wapinzani wetu.

Wa kwanza husema, "Miguu yangu lazima ifike chini yote miwili nikiwa nimekaa, nisije nikaanguka." Kwa mtu ajifunzaye, neno hilo ni sawa, na kiti chake kiwe chini kwa siku zile. Naye apitaye katika matope akiwa na magunia juu ya keria ana haki ya kushusha kidogo. Lakini mtu aliyekwisha kujua, mwenye njia kavu na mzigo mwepesi, kwa nini aendeshe maisha yake yote kama mwanafunzi? Mguu ukikanyaga ardhi yote na mwenyewe yu kitini, basi juu ya pedali goti litakunjika kupita kiasi. Anayesimama hutoka kitini, akasogea mbele, akaweka mguu mmoja chini. Akitaka kuondoka, hukanyaga pedali na kujiinua kitini. Jambo hilo hujifunzwa kwa asubuhi moja, na magoti hupona kwa miaka mingi.

Wa pili husema, "Mimi nimetia sponji nene, nimeifunga kwa mpira." Twasema, umelifunika jeraha, hukuliponya. Sponji nene sana huizamisha ile mifupa miwili, nayo huinuka katikati ikabana pale pale tulipopataja. Kwa mwendo mfupi utaona raha. Kwa mwendo mrefu ganzi itakurudia. Tena sponji hiyo imekiinua kiti bila wewe kupima. Kwanza pima kiti. Kisha, kama ngozi yake imepasuka au springi imekatika, kitengeneze au ukibadili.

Wa tatu ni fundi, naye husema, "Kiti hiki kilicheza, nikakichomelea na fremu, sasa hakitoki milele." Hapo twasema kwa sauti kuu: fundi, umeharibu! Umefanya jembe lisiloweza kutiwa mpini mwingine. Kiti kikicheza, tafuta bomba la unene ufaao au bolti mpya ya kubania. Bomba paka grisi kidogo kabla ya kulitia, lisishikwe na kutu. Tena usilivute juu kupita alama iliyopigwa juu yake. Na lisilo na alama, upana wa kiganja kizima na ubaki ndani ya fremu, maana bomba lililoshikwa kwa ncha hukatika, au huivunja fremu.

Wa nne ndiye tunayemtazama zaidi, kwa sababu neno lake huwaumiza wasioweza kujibu. Husema, "Kiti hiki ni changu, nimekipima kwa mguu wangu, mtu asikiguse." Lakini baisikeli ya kijijini si ya mtu mmoja. Asubuhi baba huiendea kibarua; mchana mama huipeleka mahindi kinuni; kesho yake binti huiendea shule ya sekondari iliyo mbali. Tumepima hapo juu: kati ya mwenye mguu wa sentimita 80 na mwenye mguu wa 70 kimo cha kiti chapitana kwa sentimita 11 hivi, karibu upana wa kiganja pamoja na kidole gumba. Hapana mazoea yawezayo kuziba pengo hilo. Binti huyo hupanda bila kukaa, au huingiza mguu mmoja chini ya bomba la juu la fremu, akajipinda kama nge, akifika shuleni mgongo wauma na goti limechubuka. Baada ya mwezi husema, "Afadhali nitembee." Kisha huchelewa, tena huchelewa, na mwisho wa habari hiyo walimu twaujua.

Tusidhani hilo ni jambo dogo. Katika jimbo la Bihar, huko India, serikali ilianza mwaka 2006 kuwapa wasichana waingiao darasa la tisa fedha za kununua baisikeli. Wataalamu waliochunguza waliona kwamba wasichana wa umri wa shule waliojiandikisha katika sekondari waliongezeka kwa asilimia 32 hivi. Baisikeli, basi, yaweza kumfungulia msichana mlango wa shule. Lakini baisikeli isiyokalika ni kama mlango uliofunguliwa na kizingiti kikawekwa juu kifuani pake. Baba aliyenunua chombo kwa fedha nyingi, akamnyima binti yake mzunguko mmoja wa spana, amekwisha kutumia fedha na hakununua kitu.

Dawa yake ni hii. Kila mtu wa nyumba na apimwe mara moja. Kisha katika bomba la kiti itiwe alama ya rangi kwa kila mmoja: nyeusi ya baba, nyekundu ya mama, nyeupe ya binti. Alama iwe ya rangi, si ya kukwaruza kwa tupa, kwa sababu chuma kilichokwaruzwa huanza kukatika hapo. Spana ifungwe chini ya kiti kwa kamba. Kila apandaye ashushe au ainue hata alama yake, akaze, aende zake. Kazi hiyo haipati dakika mbili. Baisikeli nyingine zina kishikio cha kufungua kwa mkono bila spana, na hizo ni nyepesi zaidi. Na kama kiti kimeshuka hata chini kabisa na bado mtoto hafiki, basi fremu yenyewe ni kubwa kwake. Hapo asilazimishwe, atafutiwe ndogo.

Wala wanaume wasidhani ya kuwa twawatetea wanawake na watoto tu. Watazameni wachukuzi wa abiria. Huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960 ndiko ilikoenea kazi ya kuchukua watu kwa baisikeli kutoka mpaka hadi mpaka, jina la boda boda likazaliwa. Abiria aliwekewa mto mzuri juu ya keria, tena wenye nakshi. Na mwendeshaji? Hata leo, popote ifanyikapo kazi hiyo, utamwona abiria juu ya mto, na mwendeshaji, afanyaye safari thelathini kwa siku, juu ya kiti kilichopinda, magoti yakimgonga kifuani. Ameutunza mgongo wa mteja, na mwili umletao mkate ameusahau. Kijana huyo akiinua kiti chake hata kimo chake, kila safari itamgharimu nguvu kidogo kuliko jana, na jioni atarudi nyumbani bila kuchechemea.

Kwa hiyo sisi twataka mambo matatu, wala hatuyaombi kwa woga. Muuza baisikeli asimkabidhi mtu chombo kabla hajampandisha na kumpimia kiti mbele ya macho yake. Fundi aifanye nati ya kiti kuwa kazi yake kama aifanyavyo breki, wala asichomelee. Na mwenye nyumba, kabla hajasema kwamba baisikeli haifai, au kwamba mke wake hawezi, au kwamba binti yake ni mvivu, akae kwanza juu ya kiti kile kwa kimo kile anachowapa wao, akaendeshe hata mtoni na kurudi. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Jumamosi hii, wasomaji, jua likipunga, itoeni baisikeli uani. Iteni watu wote wa nyumba, mkubwa kwa mdogo. Leteni spana, uzi, kijiwe, na rangi kidogo. Mpimeni kila mmoja, mtie alama, mkaze nati. Yule aliyekuwa akiambiwa "utazoea" na awe wa kwanza kupanda.